Daktari Anayeuliza Unachota Maji Wapi

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya majiko yanayokula kuni kidogo. Lakini tulipofungua sanduku la maoni pale karibu na soko tulikuta barua tatu, na zote tatu zinamzungumzia mtu mmoja. Basi majiko yatasubiri.

Barua ya kwanza ni ya mama mmoja. Anasema tulikuwa na daktari hapa hospitalini, mpole, mkono mwepesi, mtoto akilia anajua kumtuliza. Halafu akaondoka kwenda kusoma. Tulimsubiri. Sasa amerudi, lakini wodini haonekani kama zamani. Anaonekana na daftari kwenye mabomba, kwenye vyoo, kwa wahamasishaji wa afya. Na ukibahatika kumpata, badala ya kumtibu mtoto anaanza na maswali: unakaa kijiji gani, unachota maji wapi, nani mwingine nyumbani anaharisha? Barua ya pili, ya mzee, ni fupi na kali. Anauliza kama daktari ameshushwa cheo au ameharibiwa na shule. Ya tatu ni ya kijana wa sekondari, hiyo tutairudia mwishoni.

Tusijifanye wema. Sisi wenyewe wa kamati ya jarida tulinung'unika hivyohivyo. Mmoja wetu alimpeleka mjukuu wake usiku, akapewa kikombe na pakiti ya ORS badala ya dripu, akarudi nyumbani anasema wakimbizi tunadharauliwa, tunapewa maji ya chumvi kama mbuzi. Mjukuu alipona siku ya tatu, lakini maneno yalikuwa yameshatembea zoni nzima. Kwa hiyo tulimfuata daktari mwenyewe, tukakaa naye, na mengine tukayatafuta sisi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Daktari anaposoma udaktari, miaka yote ile, anafundishwa kumtazama mtu mmoja aliyelala mbele yake. Moyo wake, ini lake, mkojo wake. Ni elimu kubwa na bila hiyo hakuna tiba. Akienda tena kusoma afya ya jamii, pale Muhimbili au Kinshasa au Makerere au kwingineko, anafundishwa kitu cha pili: kuwatazama wale ambao hawajafika hospitali. Wako wapi? Wangapi? Kwa nini hawakuja? Wanajifunza kuhesabu wagonjwa na kuwachora kwenye ramani, wanajifunza habari ya maji na vyoo, chanjo, kugawa dawa chache kwa watu wengi zisiishe katikati ya mwezi. Wanajifunza epidemiolojia. Neno refu hilo, lakini kwa Kiswahili cha nyumbani ni kufuata nyayo za ugonjwa, kama mtu anayefuata nyayo za mnyama hadi kwenye shimo lake.

Sasa tuwasimulie habari moja, maana ni habari ya wakimbizi kama sisi, na bila hiyo kikombe kile kisingekuwepo.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi iliyoitwa Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Milioni kumi, ndugu zetu! Wengi walivuka kwa miguu wakati wa mvua, wakalala kwenye mahema na hata kwenye mabomba makubwa ya saruji. Kipindupindu kikaingia. Katika mji mdogo wa mpakani uitwao Bangaon alitumwa daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis. Alikuwa amefanya kazi Uingereza, kisha akarudi Calcutta kwenye kituo cha utafiti na mafunzo cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako walikuwa wanachunguza namna ya kutibu kuhara kwa kunywa badala ya kuchoma mshipa. Huko Dhaka, mwaka 1968, madaktari wengine walikuwa wameshaonyesha kwamba sukari ikichanganywa na chumvi kwa kipimo, utumbo unakubali kuyapitisha maji mwilini hata kama mgonjwa anaharisha vibaya. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wodi nzuri, yenye wauguzi na vipimo.

Bangaon hakukuwa na wodi nzuri. Wagonjwa walilala sakafuni, na ili kuwafikia ilibidi kupiga magoti kwenye matapishi na kinyesi. Dripu zilikuwa zinakwisha. Hebu fikirini hapo. Daktari mwenye elimu ya kwanza tu angefanya nini? Angechukua dripu zilizobaki, awachague wachache awaokoe, na usiku alie kwa ajili ya wengine. Hakuna wa kumlaumu. Mahalanabis alifanya hesabu nyingine. Alijiuliza: watu mia kwa mia hawa, ni kitu gani ninaweza kumpa kila mmoja, leo, kwa mikono iliyopo? Akaagiza Calcutta wapime sukari ya glukosi, chumvi ya mezani na magadi ya kuokea, wayafunge kwenye mifuko ya plastiki. Kipimo chake kwa lita moja ya maji kilikuwa glukosi gramu 22, chumvi gramu 3.5 na magadi gramu 2.5. Kambini wakayachanganya kwenye mapipa yenye bomba. Na halafu, hapa ndipo penyewe, hakuwatafuta wauguzi ambao hawakuwepo. Aliwaambia akina mama, akina baba, dada na kaka za wagonjwa: chukueni vikombe, chota hapa, mnyweshe mtu wako, usiache.

Mwanzoni walikuwa wanakufa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa wale walionyweshwa na ndugu zao, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika 100.

Madaktari wengi wa wakati ule hawakuamini. Waliona ni aibu, dawa gani hiyo ya kuchanganywa na mama asiyesoma? Ilichukua miaka mpaka Shirika la Afya Duniani likaikubali na kuisambaza dunia nzima. Mahalanabis alifariki mwaka 2022 akiwa mzee. Pakiti ile mnayoikuta zahanati, ile ambayo watoto wetu wanaikunja uso, inatoka kwenye mapipa yale ya wakimbizi. Si chakula cha mbuzi. Ni mali yetu.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, na wengine miongoni mwenu mliiona kwa macho. Julai 1994 watu kwa mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Ardhi ile ni mawe ya volkano, huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba hata kaburi. Kipindupindu, halafu kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Na hapo si kwamba madaktari hawakuja. Walikuja, kwa ndege, kutoka nchi nyingi, na dawa. Baadaye timu kutoka kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, Bangladesh, ilichunguza kwa nini watu waliendelea kufa hata ndani ya vituo vya matibabu. Waliyoyakuta yanauma kusoma: maji yalirudishwa mwilini polepole mno, dripu nyingine hazikuwa za aina inayofaa, maji ya kunywa ya ORS yalitumika kidogo kuliko ilivyopaswa, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu na ugonjwa huo. Walikuwa na moyo, vyeti walikuwa navyo. Walikosa tu mafunzo ya kutibu umati. Wale wa Dhaka walipopewa kituo wakiendeshe wao, vifo vilishuka chini ya mtu mmoja katika wagonjwa 100.

Angalieni walikotoka. Ni nchi ileile ambayo watu wake walikuwa wakimbizi Bangaon mwaka 1971.

Kwa hiyo tukimwona daktari wetu na daftari lake kwenye bomba, tusiseme ameacha kutibu. Mwezi Mei 2015, wengi wenu mnakumbuka Kagunga, kile kijiji kidogo kando ya Tanganyika, mlima nyuma na ziwa mbele, watu maelfu kwa maelfu wanangoja Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kiliwashika zaidi ya watu 3,000. Pale, kila mgonjwa aliyetibiwa vizuri na kurudishwa ufukweni kunywa maji yaleyale ya ziwa alikuwa anarudishwa kwenye ugonjwa. Tiba ilikuwa ni dripu, ni ORS, ni klorini na pia ni meli ya kuwaondoa watu. Daktari asiyejua kuomba meli hapo ni nusu daktari. Hayo ni maneno yetu, si yake. Yeye ana adabu zaidi.

Kutibu kwa ramani si jambo la kipindupindu tu. Daktari Mmarekani William Foege alimaliza shahada ya afya ya jamii Harvard mwaka 1965, akaenda kufanya kazi mashariki mwa Nigeria. Desemba 1966 ndui ikazuka sehemu za Ogoja, na chanjo haikutosha kuwachanja watu wote, kama utaratibu wa siku zile ulivyotaka. Jioni yeye na wenzake walizungumza na wamisionari wa eneo lile kwa redio za mawasiliano, kila mmoja akapewa kipande cha ramani na kutuma watu vijijini kuuliza nani anaumwa. Kisha wakachanja kuzunguka wagonjwa tu, na pale ambapo ndugu na wafanyabiashara wa sokoni wangeupeleka ugonjwa. Ujanani alikuwa amefanya kazi ya kuzima moto wa misitu, naye aliona ni mambo yaleyale, humwagii maji msitu mzima, unauzungushia moto. Ugonjwa ukakatika. Njia hiyo ndiyo iliyotumika nchi nyingi, na mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Foege huyo hakurudi tena kukaa kwenye meza ya kupokea mgonjwa mmoja mmoja. Mama aliyetuandikia angemlaumu naye, lakini ni watoto wangapi wa Afrika hawana makovu usoni leo?

Kwa sisi tuliotoka Kongo, mtu wa namna hii si mgeni. Tunamjua kama munganga mkubwa wa zoni. Kule Maniema, Kasongo, tangu mwaka 1971 madaktari wa kwetu na wa chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu mpango huu: vituo vya afya viendeshwe na wauguzi karibu na watu, hospitali ibaki kwa wale wanaohitaji hospitali, na daktari asijifungie, awatembelee wauguzi wake, aangalie madaftari yao na wagonjwa wao. Mambo ya Kasongo na ya sehemu nyingine chache yalisaidia sana Zaire ilipoigawa nchi kuwa zoni za afya 306 katika miaka ya 1980. Munganga wa zoni asubuhi anaweza kuwa anapasua tumbo la mama aliyeshindwa kujifungua, na mchana yuko juu ya pikipiki kwenda kuuliza kwa nini surua imetokea kijiji fulani. Hapa Tanzania mwenzake ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Wote wawili watu huwaona kama watu wa ofisi na mihuri, mpaka siku chanjo isipofika.

Lakini lalamiko la mama yule lina ukweli wake, nasi hatutaufunika. Mwaka ule daktari alipokuwa masomoni, hospitali yetu ilibaki na pengo. Kulikuwa na usiku ambapo mama mjamzito alisubiri gari la kumpeleka mbali kwa sababu mwenye kisu hakuwepo. Hakuna ramani inayomfuta machozi mama wa namna hiyo. Tena wako madaktari wengi waliokwenda kusoma afya ya jamii wasirudi kabisa kambini wala kijijini. Wakaishia mji mkuu, kwenye semina na magari yenye vioo vyeusi, wanaandika ripoti juu ya maji ambayo hawajayanywa. Kwa maoni yetu shahada hiyo ina faida kwa mgonjwa pale tu mwenye nayo anapoendelea kumshika mgonjwa mkono, hata siku moja kwa wiki. Tulimwambia hivyo. Alikubali kwamba alikuwa amezidisha daftari. Akatuambia sasa Jumanne na Alhamisi asubuhi atakuwa kwenye chumba cha watoto, na tumelipata hilo kwa maandishi.

Naye akatuambia lake, na hapa tuinamishe vichwa kidogo.

Msimu wa mvua uliopita watoto walikuwa wanaletwa na kuhara kwa wingi. Aliuliza kila mama: kijiji gani, bomba gani? Akaweka alama kwenye ramani. Alama zilitawanyika kila mahali, hazikukusanyika. Akadhani labda ni chakula, labda ni nzi. Siku nyingi zikapita. Baadaye mhamasishaji mmoja, mama mtu mzima anayejua kila nyumba, akaiangalia ramani akacheka. Akasema, daktari, hawa hawakai unakofikiri. Watu walikuwa wametaja anwani za kwenye kadi ya mgao. Mwingine amehamia kwa dada yake, mwingine ameolewa zoni nyingine, mwingine anaishi na familia ambayo haimo kwenye kadi yake. Waliogopa wakisema kweli hospitalini, jina litafika kwenye ofisi ya mgao na kadi itafungwa. Mhamasishaji alipozihamisha alama kwenye nyumba za kweli, nyingi zikaangukia upande mmoja, kwenye bomba moja ambalo mpira wake ulikuwa umepasuka na kulala kwenye mtaro. Fundi alilirekebisha kwa saa chache. Lakini katikati ya zile siku mtoto mmoja wa upande ule alikuwa ameshazikwa.

Tunawafahamu wazazi wake. Hatutaandika zaidi.

Tuliuliza swali mnalotaka tuulize: je, daftari la hospitali linakwenda ofisi ya mgao? Daktari amejibu hapana, na msimamizi wa hospitali amerudia mbele yetu kwamba daftari la wagonjwa halitoki kwenda kwa watu wa kadi. Tumewaomba wabandike tangazo hilo mlangoni kwa Kiswahili na Kirundi. Likichelewa mtatusikia mwezi ujao. Basi ukiulizwa unalala wapi, taja unapolala. Ukiulizwa unachota wapi, taja bomba lenyewe, na kama huwa unachota mtoni foleni ikiwa ndefu, sema mtoni. Swali hilo ni sehemu ya tiba, kama kipimo cha homa.

Na habari ya kikombe na dripu, ili tumalize ubishi wa mzee wetu. Mtoto anayeharisha lakini anaweza kunywa, anyweshwe ORS kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika, subiri kama dakika 10, anza tena polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula. Mkiwa mbali na zahanati na pakiti hakuna: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, ni hatari. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Zahanati wanatoa pia vidonge vya zinki kwa mtoto, vinywewe siku 10 hadi 14 kama mtakavyoelekezwa, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Wengi wetu tunaviacha njiani. Dripu ni kwa yule aliyelegea, asiyeweza kunywa, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inarudi polepole, au hajitambui. Huyo mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, msingoje asubuhi, na njiani kama anameza endeleeni kumpa. Ukiona damu kwenye choo, nenda pia. Hapo hakuna atakayekunyima dripu kwa sababu wewe ni mkimbizi, na akikunyima, leta habari kwetu.

Tumebakiwa na barua ya tatu. Kijana yuko kidato cha tatu, anapenda biolojia, hesabu anaziogopa. Anauliza: mimi nataka kuwa daktari wa kutibu watu, si wa kuhesabu mabomba, je, naweza kuepuka hesabu? Jibu la daktari lilikuwa fupi: hapana. Hata kipimo cha dawa cha mtoto ni hesabu. Njia ni ndefu, sekondari nzima kwa alama nzuri za sayansi, halafu chuo kikuu miaka mitano au zaidi, halafu mwaka wa kufanya kazi chini ya wakubwa, na mambo ya afya ya jamii huja baadaye kwa anayetaka. Ufadhili wa DAFI, ambao upo tangu mwaka 1992 kwa wakimbizi wanaokwenda chuo, ni wa kugombania. Wanaoomba ni wengi na wanaopata ni wachache. Ofisi ya elimu hubandika matangazo yake, ayaangalie mapema, na vyeti avihifadhi kwenye plastiki mvua isivile.

Barua yake tulimwonyesha daktari. Aliisoma mara mbili, akacheka pale pa mabomba. Amesema kijana aje Ijumaa baada ya shule, alete kalamu na daftari, viatu visiwe vizuri sana, watazunguka mabomba ya zoni yake pamoja.

Majiko ni mwezi ujao.